MWENDO WA NDEGE JUU YA ARDHI

Ukimwuliza mvulana ye yote wa shule yetu ni wakati gani ndege imo hatarini, atakujibu mara moja: inaporuka, inapotua, au inapopenya mawingu ya mvua juu ya Ziwa. Majibu hayo si mabaya. Lakini ajali iliyoua watu wengi kupita ajali zote nyingine za ndege za abiria haikutokea mawinguni. Ilitokea uwanjani, juu ya lami, ndege moja ikiwa inatembea polepole kama motakaa, na ya pili ikiwa imekwisha anza kukimbia ili iruke.

Kwa hiyo nimeona vema niandike habari za mwendo wa ndege juu ya ardhi, yaani ile safari fupi kutoka maegeshoni mpaka mwanzo wa barabara ya kurukia, na ile ya kurudi baada ya kutua. Abiria wengi hawaihesabu kuwa safari. Hufunga mikanda, huku wakitazama simu zao, wakingoja safari ianze. Lakini kwa marubani safari imekwisha anza, na pengine hiyo ndiyo sehemu yake yenye mashaka zaidi, maana angani ndege huwa peke yake, bali chini imezungukwa na ndege nyingine, magari ya mafuta, mikokoteni ya mizigo na watu.

Zamani jambo hili lilikuwa jepesi. Hapa Kampala tunacho kiwanja cha Kololo, ambapo bendera ya Uganda ilipandishwa tarehe 9 Oktoba, 1962. Vijana wengi hukijua kwa sherehe na gwaride tu, wasikumbuke kwamba hapo palikuwa kiwanja cha ndege ndogo. Kiwanja cha namna hiyo hakikuhitaji elimu kubwa ya mwendo wa chini. Rubani alitazama upepo, akatazama kama hapana mtu wala ng'ombe mbele yake, akaenda zake.

Uwanja mkubwa wa siku hizi ni kama mji wenye barabara, njia panda, taa na askari. Kwanza kuna maegesho, yaani uwanda mpana mbele ya jengo la abiria, ambapo ndege husimama zikitiwa mafuta na mizigo. Pili kuna viungio, ndizo barabara ambazo ndege hupita zikienda na kurudi. Tatu ndiyo barabara yenyewe ya kurukia na kutua. Uwanja wetu wa Entebbe unazo mbili: kubwa ina urefu wa meta 3,658, na ndogo meta 2,408. Mtu akiitembea ile kubwa kwa miguu toka mwisho huu hata mwisho ule, atatumia kadiri ya robo tatu ya saa.

Barabara hizi hazikupewa majina ya watu mashuhuri, kama mitaa ya Kampala ilivyopewa. Zimepewa namba, na namba hizo hutoka katika dira. Ile kubwa ya Entebbe huitwa 17 upande mmoja na 35 upande wa pili. Maana yake ni kwamba rubani anayekimbia kuelekea kusini huiona dira yake ikionyesha karibu digrii 170, na anayekimbia kuelekea kaskazini huiona ikionyesha karibu digrii 350. Sufuri ya mwisho huachwa. Kwa kuwa nusu ya duara ni digrii 180, tofauti ya namba mbili za barabara moja ni 18 siku zote. Ile ndogo ya Entebbe huitwa 12 upande mmoja. Msomaji na atafute mwenyewe namba ya upande wa pili kabla hajasoma mbele. (Ni 30.)

Viungio navyo huitwa kwa herufi, na kila herufi ina neno lake: A husemwa Alfa, B husemwa Bravo, C husemwa Charlie, na kadhalika. Sababu yake ataijua mtu ye yote aliyepata kuandika imla ya Kiingereza karibu na dirisha wakati wa mvua. B, D, P na T husikika kama herufi moja. Darasani kosa hilo hukupunguzia alama, lakini uwanjani laweza kukupeleka katika barabara isiyo yako.

Sasa tuitazame ndege yenyewe. Ndege ni kiumbe cha hewani, na chini hutembea kwa shida, kama bata. Magurudumu yake hayasukumwi na injini, kama ya motakaa yasukumwavyo. Huzunguka tu, na kinachoipeleka ndege mbele ni nguvu ya injini za mabawani au mkiani. Kwa desturi hairudi nyuma kwa nguvu zake yenyewe; ikiwa imeegeshwa pua yake ikilielekea jengo, sharti isukumwe nyuma na trekta fupi lenye nguvu. Rubani wa ndege kubwa hugeuza gurudumu la pua kwa usukani mdogo ulio kando ya kiti chake. Penye njia iliyonyooka huenda kilometa 50 kwa saa au chini ya hapo, na penye kona kali hushuka mpaka 20 hivi. Wale wanaosoma fizikia wataona kwa nini. Nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, hata kasi ikizidishwa mara mbili, breki hufanya kazi mara nne. Ndege ya tani 250 haisimami kwa kuambiwa.

Tani 250 si mfano wa kubuni. Ndege kubwa za Uganda Airlines, shirika lililoanza tena kuruka mwezi wa Agosti, 2019, ni za aina ya Airbus A330-800, na zikijaa mafuta, mizigo na watu hufikia uzito huo. Tena tangu ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili ni meta 64, sawa na upana wa uwanja wa mpira. Ndege zake ndogo za CRJ900 zina meta 25 tu. Basi zifikirini ndege mbili hizo zikipishana usiku, mvua ikinyesha. Katika ndege nyingi kubwa rubani aliyekaa kitini hawezi kuziona ncha za mabawa yake, maana zipo mbali nyuma yake. Hana budi kuuamini mstari wa manjano uliochorwa katikati ya kiungio, akalipitisha gurudumu lake juu yake, na kuamini kwamba aliyeupima mstari ule aliyajua mabawa.

Lakini mstari hulinda dhidi ya majengo na nguzo. Haumlindi mtu na jirani ambaye hakuingia vizuri mahali pake. Tarehe 11 Aprili, 2011, katika uwanja wa John F. Kennedy huko New York, ndege ya Ufaransa aina ya Airbus A380, ambayo mabawa yake ni karibu meta 80, ilikuwa ikienda kuruka usiku. Ndege ndogo aina ya CRJ700, ndugu wa zile CRJ zetu, ilikuwa imesimama kando ikingoja nafasi ya kuegesha, na mkia wake ulikuwa bado umejitokeza nyuma. Ncha ya bawa la kushoto la lile jitu iliukamata ule mkia, ikaizungusha ndege ndogo kama mtoto azungushavyo pia. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa.

Rubani atajuaje alipo? Kwa rangi. Mistari ya viungio ni ya manjano, ya barabara ya kurukia ni meupe. Usiku taa za kandokando ya viungio ni za buluu, na za kandokando ya barabara ya kurukia ni nyeupe. Kibao cheusi chenye herufi ya manjano humwambia mahali alipo, na kibao cha manjano chenye herufi nyeusi humwonyesha njia ziendako. Kibao chekundu chenye maandishi meupe ndicho cha kuogopwa, maana huwekwa pale ambapo hapitwi bila ruhusa. Hapo chini pamechorwa mistari minne ya manjano kukata njia, miwili imeungana na miwili imekatika-katika. Ukiikuta ile iliyoungana kwanza, wewe u nje ya barabara ya kurukia, simama. Ukiikuta iliyokatika kwanza, wewe unatoka ndani, pita upesi uwapishe wengine. Huu ni ufundi mzuri sana, kwa kuwa mstari ule ule huwaambia watu wawili maneno mawili yaliyo kinyume.

Mambo haya ya rangi na vibao yaonekana madogo. Huko Milano, Italia, katika uwanja wa Linate, asubuhi ya tarehe 8 Oktoba, 2001, kulikuwa na ukungu mwingi. Ndege ndogo ya Cessna iliambiwa ipite njia moja, ikapita nyingine, nayo ikaingia moja kwa moja katika barabara ambayo ndege ya shirika la SAS ilikuwa ikikimbia ili iruke. Alama za njia zile zilikuwa mbovu, na uwanja haukuwa na rada ya kutazamia ardhini iliyokuwa ikifanya kazi. Walikufa watu 118, wanne kati yao wakiwa chini wakifanya kazi ya mizigo. Marubani wale walidhani wapo pengine, na mwongoza ndege katika mnara alidhani hivyo hivyo. Naomba msomaji alishike neno hilo, kudhani, maana tutalikuta tena.

Rangi humwambia rubani alipo; redio humwambia afanye nini. Hatembei kwa kupenda kwake. Mwongoza ndege humwambia apite kiungio gani, asimame wapi, na aingie barabarani lini. Rubani husikia, kisha huyarudia maneno yale yale. Hatoshi kusema "sawa" au "nimesikia". Akiambiwa asimame kabla ya barabara 17, hana budi kusema kwamba atasimama kabla ya barabara 17, na kulitaja jina la ndege yake. Mwongoza ndege naye husikiliza marudio hayo, na akisikia kosa hulisahihisha papo hapo. Watoto wa darasa la kwanza hufundishwa hivyo hivyo, mwalimu akasema na wao wakaitikia. Labda ndiyo sababu wakubwa wengine huona ni kazi ya kitoto. Sheria hii ilikazwa baada ya siku moja ambayo sasa nitaieleza kirefu.

Tarehe 27 Machi, 1977, bomu lililipuka katika uwanja wa ndege wa Las Palmas, katika Visiwa vya Kanari vilivyo mali ya Hispania, kando ya pwani ya Afrika ya magharibi. Uwanja ukafungwa, na ndege zilizokuwa zikienda huko zikapelekwa kisiwa cha jirani, Tenerife, katika uwanja mdogo wa Los Rodeos. Ndege zikawa nyingi kupita nafasi, zikaegeshwa hata juu ya kiungio kikubwa, kikaziba. Las Palmas ilipofunguliwa, ndege zilizotaka kuondoka hazikuwa na njia ya kufika mwanzo wa barabara ila kutembea juu ya barabara yenyewe ya kurukia, kwa kinyume, na kugeuka kule mwisho.

Kati ya hizo zilikuwamo mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya Uholanzi ya shirika la KLM, na moja ya Marekani ya shirika la Pan American. Ile ya KLM ilitangulia, ikafika mwisho, ikageuka. Ile ya Pan American ilifuata nyuma juu ya barabara ile ile, ikiwa imeambiwa itoke kwa njia ya tatu iliyo kushoto. Los Rodeos ni uwanja wa mlimani, na mawingu hushuka yakatambaa juu ya lami. Yalishuka wakati huo. Watu wa mnara hawakuziona ndege, ndege hazikuonana, na rada ya ardhini haikuwako. Njia ya tatu ilikuwa na kona kali mno kwa ndege kubwa namna ile, ikirudi karibu nyuma. Wamarekani wakaipita, wakiendelea kwenye ya nne.

Mkuu wa ndege ya KLM alikuwa Jacob Veldhuyzen van Zanten, mwalimu wa marubani, mtu ambaye picha yake shirika lilikuwa likiitumia katika matangazo yake. Alikuwa na haraka, kwa sababu saa za kazi zilizoruhusiwa kwa marubani wake zilikuwa zikienda kwisha. Mnara ukampa ruhusa ya njia, yaani maelezo ya jinsi atakavyopita angani akisha ruka. Hiyo si ruhusa ya kuruka. Lakini ndani ya maelezo yale neno la kuruka lilitajwa, naye akaanza kuziongeza nguvu injini. Msaidizi wake akasema redioni maneno ambayo hayakueleweka vema, kama kwamba wako tayari kuruka, au kama kwamba wanaruka. Mwongoza ndege akaitikia kwa neno la kukubali, kisha akaongeza kwamba wangoje, atawaita. Wakati huo huo Wamarekani nao wakasema kwamba wao wangali barabarani.

Hapa fizikia yatuhusu. Redio za ndege zina tabia hii: watu wawili wakisema kwa pamoja katika mawimbi yale yale, asikiaye hapati sauti ya mmoja wala ya pili, bali hupata mlio mkali. Mawimbi yao hayalingani kabisa kabisa, na tofauti ile ndogo ndiyo inayolia, kama nyuzi mbili za kinanda zilizokazwa karibu sawa lakini si sawa, zikapiga mawimbi ya sauti sikioni. Mwalimu wetu alituonyesha jambo hili kwa vyuma viwili vya kupimia sauti, na darasa zima likaziba masikio. Basi maneno mawili ambayo yangaliokoa watu wote, lile la mnara la kungoja na lile la Wamarekani la kuwa bado wamo barabarani, yaligongana hewani, na katika chumba cha rubani wa KLM ukasikika mlio tu.

Hata hivyo palibaki nafasi moja. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma ya marubani alisikia neno lililomtia shaka, akauliza kama yule Mmarekani hajatoka barabarani. Mkuu wake akajibu kwa nguvu kwamba ametoka. Fundi akanyamaza. Ndege ikaendelea kukimbia.

Walikufa watu 583. Katika ndege ya KLM watu wote 248 walikufa, na katika ile ya Pan American, iliyokuwa na watu 396, walipona 61.

Mimi kila nikiisoma habari hii humfikiria yule fundi zaidi ya wote. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa. Buganda mtoto hupiga magoti akimwamkia, na katika shule yetu mwanafunzi wa kidato cha kwanza hathubutu kumwuliza kiranja jambo lile lile mara mbili. Heshima hiyo ni nzuri, na sipendi iondoke. Lakini baada ya Tenerife mashirika ya ndege yaliona kwamba katika chumba cha rubani adabu ya kunyamaza yaua, yakaanza kuwafundisha wadogo kusema tena, na wakubwa kusikiliza. Kadhalika neno la kuruka liliondolewa katika mazungumzo ya redio. Siku hizi halitajwi mpaka dakika ile ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo husemwa kuondoka tu.

Pengine msomaji atasema mambo haya ni ya Ulaya na Amerika. Basi na tuje nyumbani. Tarehe 18 Aprili, 1972, ndege aina ya Super VC10 ya East African Airways, shirika lililokuwa la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja mpaka lilipovunjika mwaka 1977, ilitoka Nairobi kwenda London, ikatua Addis Ababa. Ubavuni ilikuwa imeandikwa 5X-UVA, na kila ndege yenye 5X imeandikishwa Uganda. Ilipokuwa ikitembea kwenda kuruka, marubani waliona ndege wamekufa barabarani, wakaomba waondolewe. (Wenzangu wanaolalamika kwamba Kiswahili kina neno moja tu la ndege wa manyoya na ndege ya chuma, watazame upatanisho wa sentensi, hao waliokufa walikuwa na manyoya.) Wakaondolewa. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekiona, kipande cha chuma cha kuwekea jeki kilichoanguka kutoka ndege ndogo aina ya Cessna.

VC10 ilipokuwa ikikimbia, gurudumu la pua likakikanyaga, mpira ukapasuka. Rubani akaamua kusimama. Na hapo likatokea kosa la pili, maana sehemu ya breki ilikuwa imefungwa vibaya katika matengenezo, hata breki hazikuwa na nguvu zake zote. Ndege ikapita mwisho wa lami, ikagonga mtaro, tangi la mafuta likapasuka, ikaanguka mbele yake na kuwaka moto. Kati ya watu 107 walikufa 43.

Ndiyo maana katika viwanja vizuri kuna watu wanaopita barabarani kwa gari kila siku wakitafuta misumari, vipande vya mipira, mawe na vyuma. Kwa mtazamaji ni kazi ya kufagia. Mimi naiweka sawa na kazi ya daktari. Entebbe wana kazi ya zaidi, kwa kuwa uwanja uko juu ya rasi yenye maji ya Ziwa pande nyingi, makao ya ndege wa kila namna, na sisi wa Kampala twawajua kaloli, wale korongo wakubwa wanaokaa juu ya majalala yetu kama mahakimu. Kaloli mmoja aliyetanua mabawa hupita meta mbili na nusu. Akiingia katika injini, injini haimmezi bila kuumia. Hivyo mtu anayetupa taka ovyo karibu na uwanja anawaita, ingawa hajapata kupanda ndege maishani mwake.

Watu wa miguu nao wana sheria zao. Taa nyekundu inayomweka juu ya mgongo wa ndege au tumboni maana yake injini zinafanya kazi au zi karibu kuwashwa, na mtu asikaribie mpaka imezimwa na magurudumu yametiwa kabari. Injini ya jeti huvuta mbele na kupuliza nyuma. Pumzi yake yaweza kumwangusha mtu na kurusha mikokoteni. Rafadha ni mbaya zaidi kwa namna moja, kwamba ikizunguka upesi haionekani. Katika viwanja vidogo vya Afrika ya Mashariki, ambako abiria hutembea wenyewe mpaka penye ngazi, yafaa kupita pale tu unapoonyeshwa na mhudumu, wala usikate njia mbele ya bawa kwa kumwona ndugu yako upande wa pili. Yule mwenye fimbo mbili zenye mwanga, anayeiita ndege mpaka mahali pake, akizipishanisha juu ya kichwa, hata ndege yenye watu 300 itasimama.

Mwanzoni nilidhamiria kuishia hapo, lakini wanafunzi wa kidato cha nne waliniuliza kama mambo ya Tenerife yaweza kutokea leo, penye mitambo hii yote. Jibu li Japani. Tarehe 2 Januari, 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani aina ya Dash 8 ilikuwa ikingoja kupeleka msaada kwa watu waliopatwa na tetemeko la ardhi la siku iliyotangulia. Mnara uliiambia iende mpaka mahali pa kungojea, na kwamba ni ya kwanza katika safu. Rubani wake akadhani amepewa ruhusa ya kuingia. Aliingia, akasimama barabarani kadiri ya sekunde 40. Taa nyekundu za kuzuia, zinazopangwa chini kukata njia, zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo. Onyo lilitokea katika kioo cha mnara, lakini mwongoza ndege hakuliona. Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua juu yake usiku. Kati ya watu sita wa Dash 8 walikufa watano.

Katika ile Airbus walikuwamo watu 379. Moto ulishika, moshi ukajaa, na simu za kusemea za wahudumu hazikufanya kazi, wakapaza sauti zao wenyewe. Milango iliyofaa ilikuwa mitatu tu kati ya minane. Abiria waliambiwa waache mizigo yao, wakaiacha, wakateleza chini mmoja mmoja. Mkuu wa ndege alipita viti vyote akitazama kama amebaki mtu, akatoka wa mwisho, dakika 18 baada ya kutua. Wote 379 walikuwa hai. Ndege iliteketea yote pamoja na kila mfuko uliokuwamo.